Doa la Bega la Kushoto

Katika duka la dobi alikofanya kazi kwa miaka ishirini na miwili walimwita Mama Pasi, na alishazoea kugeuka akisikia hivyo hata barabarani. Meza yake ilikuwa ya mwisho, karibu na dirisha lenye nondo, mahali mvuke ulipopata pa kutokea. Nguo zilimfikia zikiwa na unyevu kidogo, kila moja na namba yake imebanwa kwa pini kwenye lebo. Alizitandaza, akazipapasa, na kabla hajashika pasi alikuwa ameshajua mwenye nguo ni mtu wa namna gani.

Hakuwa mchawi. Shati lililolika kola upande mmoja ni la mtu anayebana simu kwa bega huku mikono ikifanya kazi nyingine. Suruali iliyofubaa goti moja tu ni ya baba mwenye mtoto mdogo, anayepiga goti kumfunga viatu. Gauni linaloletwa mara mbili kwa wiki wala halina uchafu ni la mwanamke aliyeanza kupendwa, au aliyeanza kuogopa kuachwa. Hapo ilibidi aangalie na mshono wa kiuno ndipo aamue.

"Wewe ungeolewa na polisi," alimwambia Mjomba Povu, mzee wa mashine za kufulia, ambaye ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana mwaka mzima kwa maji. "Mngeufunga mji wote."

"Nilishaolewa mara moja. Inatosha."

Mjomba Povu alicheka peke yake, akarudi kwenye mashine zake. Habari ya ndoa ya Mama Pasi haikuwa na utani mwingine zaidi ya huo. Mume aliondoka miaka kumi na mmoja iliyopita, akahamia upande wa pili wa mji kwa mwanamke mwingine, na tangu siku hiyo jina lake halikutamkwa nyumbani. Mama Pasi hakuweka sheria kwa maneno. Jina likitajwa, uso wake ulifunga, na binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, alijifunza haraka.

Sasa binti ana miaka ishirini na minne, na ndiye mtu pekee ambaye Mama Pasi hakuweza kumsoma.

Zamani aliweza. Alimjua akiwa na homa kabla homa haijapanda. Alimjua akidanganya kwa namna alivyokaza kidole gumba. Lakini tangu mwaka jana binti alianza kushikwa na kitu kisicho na jina. Kilimjia Jumamosi jioni, akirudi kutoka kazini katika duka la miwani, ambako kazi yake ilikuwa kuwakalisha watu mbele ya herufi za ukutani na kuwabadilishia lenzi. Aliingia, akaweka mkoba, akashika ukingo wa sinki jikoni, pumzi ikawa fupi kama ya mtu aliyekimbizwa, vidole vikamfa ganzi, jasho likamtoka kipajini ilhali mikono ni baridi. Mama yake alimzunguka akimuuliza. Umekula nini leo? Umepigwa na jua? Kuna mtu kakutamkia neno kazini? Ni mwanaume? Kama ni mwanaume niambie ni yupi. Akamtengenezea maji ya sukari, akampepea kwa gazeti, na kila swali lilipotua, binti alizidi kukosa hewa.

Hospitalini walipima wakasema moyo mzima, mapafu mazima. Daktari akaandika karatasi ya kumpeleka kwa mshauri nasaha.

Hapo ndipo wivu ulipoingia nyumba ile na kuvuta kiti.

Kila Jumatano baada ya kazi binti alipanda ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, akakaa saa nzima na mwanamke ambaye Mama Pasi hakuwahi kumwona. Moyoni alimpa jina: Bi Sikio. Binti alirudi kutoka kwa Bi Sikio akiwa na mabega yameshuka, macho yamevimba kidogo, na mara nyingine aliimba akiosha vyombo. Huo wimbo ndio ulimuuma Mama Pasi kuliko chochote. Alikuwa sebuleni, kitambaa mkononi, akiusikiliza kama mtu anayesikia kicheko cha wageni katika nyumba yake mwenyewe.

"Leo mmeongea nini?" aliuliza Jumatano moja.

"Mambo tu, mama."

"Mambo yana majina."

"Kuhusu ubongo."

"Ubongo unao. Nilikuzaa nao."

Binti alitabasamu, akaendelea kusugua sufuria. "Mshauri anasema ubongo haujengeki peke yake. Unajengwa na watu unaokaa nao. Mtoto anajifunza kutulia kwa mtu kwanza, ndipo aweze kutulia mwenyewe."

"Na mimi nilikuwa nani? Sikuwa mtu?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Yeye ndiye kasema?"

"Hajasema hivyo na yeye."

Mama Pasi alichukua kitambaa, akakausha sahani iliyokwisha kukauka. Alimbeba mtoto huyu mgongoni akipiga pasi. Alimlaza chini ya meza ile ya dirishani, kwenye kapu la mashuka ya hoteli, akalala kwa mlio wa mvuke. Leo mwanamke wa saa moja kwa wiki anakuja kufundisha mtoto anatulizwaje. Na binti anamnukuu. Mshauri anasema tusile tukiwa na hasira. Mshauri anasema mwili una kumbukumbu. Mshauri anasema. Ilikuwa kama kuishi na mtu wa tatu ambaye halipi hata kwa kufagia.

Halafu siku ya Alhamisi, mambo ya Bi Sikio yakamjia mezani.

Lilikuwa furushi la mteja mpya: koti la kijivu, sketi mbili, na blauzi ya rangi ya maziwa, kitambaa laini kinachoteleza mkononi. Kanuni ya duka ilikuwa kukagua mifuko na kila kitu kilichopatikana kutiwa kwenye bahasha yenye namba ya nguo. Kwenye mfuko wa koti alikuta kadi. Mshauri nasaha, ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaiweka kwenye bahasha kwa adabu, kama mtu anayefunga mlango taratibu ili asisikike, akazigeukia nguo.

Alianza na sketi. Mwanamke wa kiuno kipana, anayekaa sana, anayekunja mguu wa kulia juu ya wa kushoto. Koti: mtu nadhifu, asiye na haraka, asiyekula ovyo. Akaivuta blauzi. Ilikuwa imefuliwa lakini kuna kitu kilikuwa kimeikataa sabuni. Begani upande wa kushoto, karibu na shingo, palikuwa na doa la ukubwa wa kiganja. Mafuta. Alilileta puani. Mafuta ya nyonyo yenye harufu ya limau, ya nywele, yale yale yaliyokuwa kwenye chupa ya kifuniko cha kijani bafuni kwake, ambayo yeye mwenyewe alimnunulia binti yake. Na kuzunguka mafuta hayo, ukingo mwembamba wa weupe, kama ziwa lililokauka. Chumvi. Mama Pasi aliyajua madoa ya machozi. Aliwahi kuyaona kwenye mashati ya misibani.

Alikaa kwenye kigoda.

Akili yake, iliyozoea kazi hiyo, ilimjengea picha yote bila kuombwa. Bega la kushoto: maana yake aliyeegemea alikuwa amekaa kushoto kwa mtu au ameinuliwa kutoka mbele. Doa pana na lenye kina: kichwa kilikaa hapo muda mrefu, hakikugusa na kuondoka. Limerudiwa: tabaka moja limekauka, jingine likapita juu yake. Kwa hiyo si mara moja. Kwa hiyo kila Jumatano, mtoto wake, ambaye akiguswa bega na mama yake siku hizi husogea kidogo, anaweka kichwa chake kwenye bega la mwanamke huyu, analia, na kutulia.

Wivu ulimpanda, wa moto na wa moja kwa moja, kama mvuke wa pasi unapokupata kwenye kifundo cha mkono. Alifikiri kuichoma blauzi. Ilikuwa rahisi, pasi ikae tu, ahesabu hadi nane. Hakuichoma. Alifanya jambo ambalo kwa mtu wa kazi yake lilikuwa baya zaidi. Aliipiga pasi yote vizuri, mikono, kola, vifungo, na lile doa akalizunguka, hakulitia poda, hakulitia dawa, akaliacha.

Mjomba Povu alipita na kapu. Alisimama, akaitazama blauzi kwenye hanga.

"Umesahau doa."

"Sijasahau."

"Basi umelitunza."

"Nimelitunza."

Mzee alijikuna shingo. "Miaka yote nimefanya kazi na wewe, sijawahi kukuona unatunza doa. Mwenye hilo doa kakukosea nini?"

"Kaniibia."

"Nguo?"

Mama Pasi alivuta nguo iliyofuata. Saa ya chakula cha mchana alivua aproni, akaifunika blauzi kwa nailoni, akatoka nayo.

Ngazi za juu ya duka la rangi zilinuka tapentaini. Alipanda akiwa ameinua hanga juu ili nguo isiguse ukuta, maana hata hasira haikumfanya akunje nguo ya mteja. Mlango ulikuwa wazi. Ndani kulikuwa na chumba kidogo kuliko alivyokifikiria: viti viwili vilivyokaa mshazari, havitazamani uso kwa uso, meza ya chini yenye boksi la karatasi laini, saa iliyotundikwa nyuma ya kimoja cha viti, ili aliyekaa hapo asiione. Kiti hicho, mkono wake wa kulia ulikuwa umechubuka rangi, watu wamekuwa wakiukwaruza kwa kucha wakiongea. Mama Pasi alikitazama kiti hicho akakionea wivu, mti na mto wake.

Mwanamke aliyesimama dirishani alikuwa wa umri wake. Mfupi. Visigino vya viatu vyake vimelika. Mama Pasi alitegemea mtu wa fahari zaidi, na kukosa fahari kwake kulimuudhi.

"Nimekuletea blauzi yako."

"Asante sana, dada. Nilidhani sisi ndio huja kuchukua."

"Leo imekuja yenyewe." Aliivua nailoni. "Ina doa."

"Naliona. Ndio maana niliileta kwenu." Alisema hivyo kwa upole, na mdomo wake ulikaribia kucheka.

"Ni la nani?"

Mshauri alimtazama, safari hii kwa makini.

"Mnakumbatiana na watu wanaokuja hapa?" Mama Pasi aliuliza.

"Hapana. Viti viko hivyo, na hubaki hivyo."

"Binti yangu anapaka mafuta haya."

"Watu wengi wanapaka mafuta hayo."

"Anakuja hapa kila Jumatano. Analia. Nimeona chumvi."

"Mama," mshauri alisema, na lile neno dada lilikuwa limeondoka, "hata kama binti yako angekuwa amekaa kwenye kile kiti sasa hivi, nisingekuambia kama namjua."

"Namwona akija."

"Basi unajua kuliko mimi ninavyoweza kusema."

Chini mtu alikuwa akitikisa kopo la rangi, kokoto ya ndani inalia. Mama Pasi aligundua kwamba bado ameinua hanga juu kama yuko ngazini, na mshauri alikuwa ameona. Mshauri alivuta kiti, si kile chenye saa nyuma, kile kingine, kile chake mwenyewe.

"Kaa. Doa la nani naweza kukuambia, kwa sababu halimhusu mtu wa hapa. Ni la mama yangu."

Mama Pasi alikaa.

"Ana miaka themanini na moja. Kichwa chake kimeanza kumwacha. Kila asubuhi namwinua kitandani, anaweka kichwa hapa," akagusa bega lake la kushoto, "na macho yake siku hizi yanatoka machozi yenyewe, bila kulia. Nampaka mafuta ya nywele usiku, kwa hiyo asubuhi nayabeba mimi. Namwinua nikiwa nimeshavaa nguo za kazi kwa sababu nikimwacha nikavae, anaogopa."

"Anakujua?"

"Jina langu limeshatoka. Ananiita mara shangazi, mara mwalimu. Lakini nikimshika, pumzi yake inakuja mbio, kisha inaanza kufuata yangu. Taratibu. Akili imenisahau, shingo bado inanijua. Ubongo uko hivyo, kuna vyumba vinazimika na vingine vinabaki na taa. Kile kinachokujua kwa kuguswa na kwa sauti huzimika mwisho."

"Na anapona?"

"Haponi. Anatulia."

Mama Pasi aliitazama blauzi mapajani mwake. Miaka ishirini na miwili hajawahi kukosea doa, na leo amelikosea mbele ya mwenyewe. Aibu ilimpanda masikioni. Lakini chini ya aibu kulikuwa na kitu alichotaka kukiuliza na hakujua kukiuliza bila kuonekana anaomba.

"Wangu nikimshika anazidi," alisema hatimaye.

"Sijui habari za wako. Nitakuambia ya watu kwa jumla. Mtu akishikwa na hofu kali, sehemu ya kichwa inayopanga maneno hupungua nguvu. Hapo swali ni mzigo. Unampa gunia mtu anayezama."

"Nikinyamaza ataona sijali."

"Labda. Lakini anayetulizwa hutulizwa na mtu aliyetulia. Wewe ukimkimbilia moyo wako ukienda mbio, na wake unakimbia zaidi. Ni vigumu, najua. Mimi mwenyewe asubuhi nyingine namwinua mama huku nimekasirika kwa sababu nimechelewa, na anajua kwamba nimekasirika, yeye asiyejua hata leo ni siku gani."

Mama Pasi aliinuka, akaifunika blauzi. "Nitalitoa leo."

"Nitashukuru."

Aliposhuka ngazi alikuwa mwepesi kwa hatua tatu au nne, kisha wivu ukamrudia kwa njia nyingine. Safari hii alimwonea wivu yule bibi asiyejua siku, kwa sababu ana mtoto ambaye humwinua.

Jumamosi jioni jua lilikuwa bado ukutani binti aliporudi. Mama Pasi alikuwa mezani anakunja mashuka ya nyumbani. Alikuwa ameamua kusema kabla hajaulizwa, maana asiposema binti angelisikia Jumatano kwa Bi Sikio, na wangelizungumza wawili tu.

"Kuna jambo nimefanya."

Binti aliweka mkoba. "Jambo gani?"

"Nilikwenda kwa mshauri wako. Na blauzi yake. Nilidhani umelia begani mwake."

Binti alisimama kama hakusikia vizuri. "Umekwenda pale?"

"Hakuniambia kitu. Hata kama anakujua hakukubali."

"Mama, pale ndipo mahali pangu pekee. Pale tu. Kila kitu changu unakishika, unakinusa. Nimeanza kufua nguo zangu mwenyewe ili usizisome, hukuona?"

"Niliona."

"Na bado ukaenda." Sauti yake ilikatika. Alishika ukingo wa sinki. Mabega yakapanda, na ile pumzi fupi ikaanza.

Maswali yote yalimjaa Mama Pasi mdomoni. Aliyasikia kwenye ulimi, kila moja na ladha yake. Alitembea hadi jikoni, na badala ya kumzunguka, alikaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, karibu na miguu ya mwanawe. Moyo wake mwenyewe ulikuwa unapiga kwa nguvu. Alikuwa na hasira, na alikuwa ameumizwa na lile neno unakinusa. Alikumbuka kwamba hana utulivu wa kumpa mtu. Ilibidi autafute kwanza wa kwake. Akavuta pumzi, akaitoa kwa muda mrefu, kama anavyotoa mvuke kwenye pasi kabla ya kitambaa chepesi. Akarudia. Bomba la jirani lilikuwa linadondoka. Mtu alipita kwenye ngazi za jengo akiburuta kitu kizito. Hakusema neno.

Binti aliteremka polepole hadi sakafuni. Hakuegemea. Alikaa kando, mabega yakiwa karibu kugusana, mikono yake baridi imefumbatwa. Muda mrefu kila mmoja alipumua kivyake. Kisha Mama Pasi, bila kugeuka, alisikia ya binti ikipungua kasi, ikijikwaa, ikaanza kwenda na yake.

"Nimetoka kwa baba," binti alisema.

Mama Pasi hakuweza kuuzuia uso wake. Ulifunga, kama mlango unaopigwa na upepo. Lakini walikuwa wamekaa ubavu kwa ubavu, wote wanatazama mbele, na binti hakuuona.

"Alikuja kupima macho. Mwaka jana. Hakunijua, mama. Alikaa kwenye kiti akasoma herufi zote makosa, anacheka mwenyewe. Nilimwekea lenzi ya kwanza, ya pili. Ya tatu ndipo akaniona."

"Akasema nini?"

"Akasema, umekuwa mrefu." Binti alifuta pua kwa kiganja. "Tangu hapo nakwenda kila Jumamosi nikitoka kazini. Tunakunywa chai. Halafu narudi, na nikifika kwenye ngazi za hapa naanza kufikiria uso wako ukijua. Nikifungua mlango sina hewa."

Mwaka mzima. Maji ya sukari, gazeti, hospitali, karatasi ya daktari. Na ulikuwa ni uso wake. Mama Pasi alijisikia akichomwa pande mbili. Yule mwanamume aliyeondoka na mashati yake saba, yote aliyoyapiga pasi yeye, ananyweshwa chai na mtoto wake kila Jumamosi. Mwaka mzima alikuwa amemkasirikia mwanamke asiye na kosa, wakati mwizi mwenyewe ana macho mabovu na anakaa upande wa pili wa mji.

"Nani anampigia pasi?" aliuliza.

"Anavaa fulana, mama. Hazihitaji pasi."

"Ameshuka hivyo."

Binti alitoa sauti iliyokaribia kuwa kicheko, kisha akaiacha. "Nataka kuendelea kwenda. Ukiniambia nisiende, sitakwenda. Lakini sidhani nitaweza kukaa hapa."

Alilisema bila hasira, na ndiyo sababu Mama Pasi alijua ni la kweli. Alitazama vidole vyake, vyenye alama ndogo za moto za miaka yote. Alijitafutia jibu jema, la mama wa kwenye picha, asilione.

"Nitakuwa na wivu," alisema.

"Najua."

"Si kidogo."

"Najua, mama."

"Na ukirudi usiniambie ulikuwa kazini."

"Nitakuambia nilikokuwa. Utanuna."

"Nitanuna."

"Basi nuna," binti alisema. "Mimi nashindwa na usichokijua. Ukinuna nakuona."

Wiki iliyofuata Jumatano ilipita, binti akaenda juu ya duka la rangi, akarudi, na Mama Pasi hakuuliza walichoongea. Kutouliza kulimchosha kuliko siku nzima ya mashuka. Ikaja Jumamosi. Tangu saa tisa alijua mtoto wake yuko wapi, na kujua huko hakukuwa raha hata kidogo. Alikiona kikombe. Alimwona yule mwanamke mwingine, ambaye hakuwahi kumwona, akisogeza sukari. Aliwazia meza yao, pazia lao, vicheko vyao vya macho mabovu. Alitamani kwenda kusimama chini ya dirisha hilo. Alikaa. Alipiga pasi vitambaa vya jikoni ambavyo havikuhitaji, akavipanga, akavipangua.

Hatua zilisikika kwenye ngazi. Zilipofika ghorofa yao zilisimama kidogo nje ya mlango, na Mama Pasi alizihesabu pumzi zake mwenyewe hadi mlango ukafunguka.

"Nimetoka kwa baba," binti alisema.

"Naona."

Binti alivuta kiti, akakaa mbele yake kabisa, uso kwa uso. Mikono yake ilikuwa juu ya meza. "Amenunua redio. Hajui kuitumia. Tumekaa saa nzima tukitafuta vituo, mpaka yule mama akatufukuza sebuleni."

Yule mama. Uso wa Mama Pasi ulifunga. Alihisi nyusi zikishuka, midomo ikijikaza, na hakujaribu kuvificha. Binti aliutazama uso huo wote, kwa macho yaliyozoea kupima macho ya watu, kifua chake kikapanda mara moja, kikasita, kikashuka.

"Endelea," Mama Pasi alisema, bado amenuna.

Binti akaendelea.